Kidonge cha Ijumaa tunachomficha baba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Lushoto. Mimi na mume wangu tunalima kabeji, karoti na njegere. Jambo langu ni la binti yetu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka 6.

Alipokuwa na miaka 4 alianza kuamka akichechemea. Goti la kushoto lilikuwa limevimba na lina joto kidogo, lakini ikifika saa nne asubuhi anakimbizana na wenzake kama si yeye. Tukasema ameanguka. Bibi yake akamkanda kwa maji moto na mafuta ya nazi. Zahanati walitupa panado, mara ya pili antibayotiki. Ilipita miezi minne ndipo tukafika hospitali ya rufaa, wakavuta maji ya goti, wakapima damu, wakatuambia ana baridi yabisi ya watoto. Mimi nilijua yabisi ni ya wazee. Daktari akasema kipimo kimoja cha damu, kinaitwa ANA, kimetoka chanya, hivyo macho yake lazima yapimwe kila baada ya miezi 3 hata kama anaona vizuri.

Tulikwenda mara mbili, macho yakaonekana safi. Shangazi, kutoka kwetu ni kushuka Mombo kwanza, kisha basi, kulala kwa ndugu, kesho yake foleni, halafu kurudi. Mara ya tatu iliangukia wakati wa kupanda. Goti lilikuwa limetulia kwa sindano waliyomchoma, mtoto ananitungia uzi kwenye sindano mimi nikishindwa. Nikairuka ile kliniki. Na iliyofuata nikairuka. Niliyeruka ni mimi, baba yake hakusema neno.

Tuliporudi, daktari aliinama kwenye ile mashine ya kuegemeza kidevu, akakaa kimya muda mrefu mpaka moyo ukanienda mbio. Akasema macho yote mawili yana uvimbe kwa ndani, na la kushoto mboni imeanza kunata. Akatia matone ya kuitanua, ikatanuka upande mmoja tu, ikawa kama ua lililochanua nusu. Nilipiga picha kwa simu. Ninayo mpaka leo, sijamwonyesha mtu, kila nikiitazama naona uzembe wangu.

Walitupa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mwanzoni kila saa moja akiwa macho, na vidonge vya methotrekseti mara moja kwa wiki pamoja na foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake. Tulipoitwa tena walisema uvimbe umepungua sana. Nikashukuru Mungu.

Sasa shida. Mume wangu alikwenda duka la dawa kununua vidonge, muuzaji akamwambia hiyo ni dawa ya saratani, inaua ini, na akamuuliza kwa nini anampa mtoto mdogo hivyo. Alirudi nyumbani akaweka boksi mezani, mikono inamtetemeka. Mama mkwe akasema, "Mtoto jicho jeupe, halina wekundu wala tongotongo, nanyi mnamlisha sumu." Mume wangu akaamua matone yaendelee, vidonge basi. Na kliniki ya mwezi ujao hatuendi, nauli itanunua mbegu.

Tangu siku hiyo, Ijumaa nane sasa, nampa binti yangu vidonge kwa siri baada ya isha. Nanunua kwa fedha ya kikoba, nakificha kikopo kwenye debe la unga. Jumamosi huwa ana kichefuchefu na hataki chai. Wiki mbili zilizopita baba yake alimpakia kwenye bodaboda akampeleka kupimwa malaria. Hakukutwa nayo. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wakirudi, sikusema kitu. Usiku ule binti akaniuliza, "Mama, kwa nini baba asijue?"

Shangazi, niendelee kumficha, niache dawa tuishi kwa amani, au niseme? Mume wangu si mtu mbaya. Na saa nyingine, nikiwa macho usiku, nawaza huenda mama mkwe ndiye mwenye haki, maana mtoto anaona na halalamiki kitu.

Mama wa Ijumaa, Lushoto

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umebeba mambo matatu kwa pamoja: ugonjwa usioonekana, dawa inayotisha kwa jina, na siri uliyomtwisha mtoto wa miaka 6 bila kupenda. Umeniuliza kama swali moja, lakini naona yamesukana, kwa hiyo niruhusu niyafumue taratibu. Mimi si daktari. Ya kitabibu nimeyauliza kwa wanaoyajua kabla ya kukujibu.

Nianze na lile la usiku, kwamba huenda mama mkwe ana haki. Tumezoea jicho linaloumwa liwe jekundu, lichome, litoe machozi. Uvimbe huu unaowapata watoto wenye yabisi, madaktari wanauita yuveitisi, mara nyingi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Jicho linabaki jeupe na mtoto anacheza, lakini ndani, karibu na lile duara la rangi, kuna chembe zinazoelea ambazo huwezi kuziona kwa tochi wala kwa jua la mchana. Zinaonekana kwa mwali mwembamba wa mwanga wa ile mashine ya kidevu tu. Ndiyo maana wanahimiza miezi 3 kwa watoto wa aina ya binti yako: waliougua kabla ya kufika miaka 7, wenye viungo vichache vilivyovimba, na ANA chanya. Hao ndio walio kwenye hatari kubwa, hasa katika miaka 4 ya mwanzo. Na goti si kipimo cha jicho. Goti linaweza kutulia kabisa na jicho likawaka, kila kimoja kwa saa yake.

Uvimbe ukiachwa, mboni hunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na hilo ndilo ua la nusu uliloliona. Baadaye unaweza kuleta mtoto wa jicho, presha ya macho, utando mweupe mbele ya jicho, na mwishowe upofu. Mtoto mdogo halalamiki kwa sababu hajui jicho la mwenzake linaona vipi. Likififia moja, anatumia jingine, anaendelea kukutungia uzi.

Sasa sogea karibu, mwanangu, maana hapa ndipo barua yako iliponishika. Mwaka jana, wakati wa kupanda, ulitazama mtoto huyu huyu, ukaona jicho jeupe na goti lililopona, ukasema safari hii tunaweza kuiacha. Mama mkwe leo anatazama mtoto huyo huyo na anasema yale yale. Sikukumbushi ili uumie. Nasema hivyo kwa sababu katika barua yako umejiita mzembe, na wao umewachora kama ukuta, wakati nyote mmeona kitu kimoja mkafikia wazo moja. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulikuwepo siku ile daktari alipokaa kimya. Wao hawakuwepo. Je, mume wako amewahi kuingia chumba cha macho hata mara moja? Katika barua yote sikumwona huko. Uliingia wewe, ukarudi wewe na maelezo, naye alichokishika kwa mkono wake ni boksi lenye maneno ya muuzaji.

Na maneno yale si uongo mtupu, ndiyo maana yamemwingia. Methotrekseti ilianza kama dawa ya saratani, na kwa saratani hutolewa kwa vipimo vikubwa. Kwa yabisi na macho hutolewa kidogo sana, mara moja kwa wiki, na si jambo la kubahatisha kwa watoto. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wenye yabisi wa Marekani na uliokuwa Umoja wa Kisovieti, ukaonyesha kwamba dozi ndogo ya wiki inawasaidia, na tangu hapo imekuwa dawa ya kawaida yao. Ini nalo ni la kuangaliwa kweli. Hivyo wanapima damu kila baada ya muda, na madhara yakianza wanapunguza au kusimamisha dawa mapema.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani baba hajaambiwa. Alipogawa, matone ndiyo, vidonge hapana, alidhani amechagua kilicho laini. Matone ya steroidi ni mkombozi wakati wa moto, lakini yakitumika kwa wingi miezi na miezi yenyewe huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Vidonge vimewekwa ili matone yapunguzwe. Kwa hiyo mgawanyo wake, uliotoka kwenye mapenzi, unaweza kumpeleka mtoto kule kule anakokukimbia. Nadhani mwanamume ambaye mikono yake ilitetemeka juu ya boksi la dawa angetaka kulijua hilo.

Tuje kwenye njia zako.

Ya kuendelea kwa siri. Naielewa, na sitakuita mwongo. Ulisimama kati ya jicho la mwanao na neno la mumeo, ukasimama upande wa jicho. Ila yapo mawili yanayonitia hofu kuliko ugomvi wa nyumbani. La kwanza, hukutaja damu. Ijumaa nane za siri, je, amepimwa damu hata mara moja? Dawa hii bila kipimo ndiyo ile aliyoiogopa muuzaji. La pili ni safari ile ya bodaboda. Siku ile ilikuwa kipimo cha malaria tu, mkarudi salama. Siku nyingine mtoto atakohoa, baba atampeleka zahanati, ataulizwa kama kuna dawa anayotumia, atajibu hapana kwa moyo safi, na huenda akaandikiwa septrini, ile antibayotiki. Septrini na methotrekseti havikai pamoja. Vikikutana vinaweza kuiangusha damu ya mtoto vibaya. Homa yenyewe kwa mtoto anayetumia dawa hii ni jambo la kumwambia daktari siku hiyo hiyo, na chanjo za aina fulani hazitolewi bila kuuliza. Baba asiyejua hawezi kumlinda mtoto na hatari asiyoijua. Siri hii ilianza kama ngao, lakini sina hakika kama bado ni ngao.

Halafu lipo lile swali la binti. Watoto wa umri huo hawajui kupima siri nzuri na mbaya. Anajua tu kwamba kuna kitu mama anaogopa, na kwamba kitu hicho ni yeye. Ulimjibu nini usiku ule? Hukuniandikia, nami nadhani hukuwa na jibu. Vyovyote utakavyoamua kuhusu baba yake, waweza kumwondolea huyu mzigo leo: mwambie kwamba mazungumzo na baba ni kazi ya mama, si kazi yake, na kwamba baba akimuuliza, hatakosea kusema kweli.

Ya kuacha dawa ili mpate amani. Hili ndilo ningekuomba usilifanye peke yako wala kwa agizo la mtu yeyote wa nyumbani, hata mumeo, kabla daktari aliyeziandika hajasema. Dawa hizi zikiachwa ghafla uvimbe unaweza kurudi, na kwa kuwa ni wa kimya mtaukuta umeshafanya kazi yake. Madaktari husubiri jicho likae tulivu muda mrefu, mara nyingi miaka 2, ndipo waanze kupunguza. Ni muda mrefu kweli, lakini una mwisho, nami nadhani mume wako anaamini amehukumiwa maisha. Na amani hiyo nayo nina wasiwasi nayo. Ungekuwa unaamka usiku ule ule, ila safari hii ukiwa na tochi, ukichungulia macho ya mtoto aliyelala.

Ya kusema. Hapa sitakusukuma, kwa sababu wewe ndiye unayelala nyumba hiyo. Umeandika kwamba si mtu mbaya, nami nimekuamini, lakini nikuulize waziwazi: akikasirika, hukasirika vipi? Ananyamaza siku tatu, anapandisha sauti, au anainua mkono? Kama ni hilo la mwisho, usiseme ukiwa peke yako naye jioni. Tafuta kwanza mtu atakayekuwepo. Kama ni kunyamaza na kelele, utaumia, lakini labda unaweza kuvuka.

Tena kusema si lazima kuanze na kukiri. Wengi hufikiri lazima waanze kwa "nimekuwa nikikuficha," halafu mazungumzo yote yanakuwa juu ya uongo, jicho linasahaulika. Unaweza kuanza na picha. Ile iliyo kwenye simu yako, unayoiona kama hati ya mashtaka yako. Hebu itazame kwa macho ya baba wa mtoto ambaye kila siku anaambiwa jicho ni jeupe. Ni kitu pekee ulichonacho kinachoonyesha kisichoonekana. Ukimwambia, "Hii ni mboni ya mwanetu, na ilifika hapa kwa sababu mimi niliruka kliniki mbili nikidhani amepona," umemwonyesha ugonjwa na papo hapo umekaa upande wake, si juu yake. Habari ya Ijumaa inaweza kufuata jioni hiyo au kesho yake. Hataifurahia. Huenda akahisi amefanywa mgeni kwa mwanawe, na hapo atakuwa na haki, mwache aseme.

Wapo wanaosikia zaidi kwa mdomo wa mwingine. Kama kuna mjomba, shemeji au mzee wa karibu anayemheshimu, naye akaandamana nanyi kliniki, si kuamua bali kusikiliza, inaweza kumpa mumeo njia ya kubadili neno lake bila kuonekana ameshindwa na mke. Daktari pia unaweza kumpigia au kumtumia ujumbe kabla, umwombe siku hiyo azungumze na baba moja kwa moja. Mwache baba amuulize ile ile ya saratani. Madaktari wameizoea.

Mama mkwe usimweke pembeni. Aliyemkanda goti kwa wiki nyingi anampenda mtoto huyu. Chunga jambo moja tu kwa upole: asitie kitu jichoni, si maji ya majani, si asali, si maziwa. Na kama kuna dawa ya kienyeji anayomnywesha, daktari aijue, maana ini ni moja. Unaweza kumpa kazi ambayo ni yake kweli, kama kuhesabu matone. Mtoto akipigana, mlaze chali macho yamefungwa, mdondoshee tone kwenye kona ya jicho karibu na pua, kisha mwambie afumbue, litaingia lenyewe. Bibi anaweza kulifanya hilo huku akimsimulia hadithi.

Nauli si jambo dogo, na sitajifanya mbegu hazihitajiki. Uliza kama kliniki ya viungo na ya macho zinaweza kupangwa siku moja, na kama vipimo vya damu vinaweza kufanyika hospitali ya wilaya matokeo yakatumwa. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza wasiomudu gharama. Ingia bila aibu, kabla ya dirisha la malipo, si baada. Kuhusu mahali, hospitali za KCMC Moshi, na kwa Dar es Salaam Muhimbili na CCBRT, zina idara za macho zinazohudumia watoto, endapo siku moja mtahitaji maoni ya pili. Hata hilo la maoni ya pili linaweza kumpa baba utulivu, ni ombi la halali.

Kichefuchefu cha Jumamosi usikivumilie kimya kimya, nacho kinatajwa kliniki. Wakati mwingine wanabadili namna ya kutoa foliki, au wanahamia sindano badala ya vidonge. Na kama siku moja methotrekseti itaonekana haitoshi, si mwisho wa barabara. Huko Uingereza watoto 90 waliokuwa na ugonjwa huu huu walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa sindano ya adalimumabu, ikiongezwa juu ya methotrekseti, ilizuia uvimbe vizuri zaidi kuliko methotrekseti pekee. Huku kwetu ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini ijue kwamba ipo.

La mwisho ni la usalama tu. Kikopo kile kitoe kwenye debe la unga, hata kama siri utaendelea kuitunza. Dawa hii ni ya siku moja kwa wiki. Mtu akiipata asijue, akampa mtoto kila siku, ni hatari kubwa, na mdogo wake naye ana mikono. Kiweke juu kabisa, kikiwa na neno IJUMAA kwa herufi kubwa. Na mjamzito asiishike wala kuivunja.

Umebakiza wiki chache kabla ya kliniki. Sijui utamwambia kwa mdomo, kwa picha, au kwa kumtuma mzee, na pengine utaamua kusubiri. Lakini kama kuna jioni moja ambapo mumeo yuko na utulivu, labda mmetoka shamba na mtoto amelala, kaa naye umuulize kwanza yeye anaogopa nini hasa. Sidhani kama kuna mtu amemuuliza tangu siku ile ya boksi. Picha usiifute. Niandikie ukirudi, nataka kujua mboni ile imefunguka kiasi gani.

Shangazi